Neno letu likae wapi? Kwa nini parokia zijifunze kuandika kurasa zao zenyewe



Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulipolipuka upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto hapa Kisangani, simu zetu hazikutulia. Kila saa uliingia ujumbe mwingine: kijiji fulani kimechomwa, watu fulani wanavuka usiku, fulani ameuawa. Mengine yalikuwa ya kweli. Mengine yalikuwa uongo uliotosha kumfanya kijana achukue panga.

Waamini waliniuliza: "Mchungaji, kanisa linasema nini?" Kanisa lilikuwa limekwisha kusema. Barua ya kuomba amani iliandikwa, ikasomwa Jumapili, ikapigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Kufika Jumatano nilionyeshwa maandishi matatu yaliyoitwa "barua ya kanisa", na moja lilikuwa na maneno ambayo sisi hatukuyaandika. Mama mmoja aliniuliza aende wapi apate ile ya kweli. Sikuwa na pa kumpeleka.

Swali lake ndilo la makala hii. Neno la kanisa, likiisha kusemwa, linakaa wapi ili mtu aweze kulirudia na kulihakikisha?

Tunaishi katika nyumba ya kupanga

Parokia nyingi za mashariki leo zina ukurasa wa Facebook na makundi ya WhatsApp. Ni vyombo vizuri, na mimi navitumia kila siku. Lakini ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hatujui.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, kwa sababu ya kosa la ndani ya kampuni yenyewe. Mwaka 2009, Yahoo ilifunga GeoCities, mahali ambapo mamilioni ya watu walikuwa wamejenga kurasa zao bila malipo. Aliyekuwa hana nakala nyumbani alipoteza kazi yake. Hapo hakukuwa na adui. Mwenye nyumba alibadili mpango wake tu.

Na hapa kwetu? Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake baada ya kupiga kura, ilikatwa tena, nasi tukakaa karibu siku 20 bila mtandao. Februari 2025, siku chache baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23, watu wengi nchini walishindwa kufungua X na TikTok. Kila mara, saa ile ambayo watu walihitaji sana habari ya kuaminika ndiyo saa ambayo mlango ulifungwa.

Lakini nisiwalaumu wakubwa tu. Parokia ninayoitumikia ilikuwa na ukurasa wa Facebook uliofunguliwa na kijana wa kwaya. Alisafiri, akabadili namba, na neno la siri likaenda naye. Baadaye tulichanga pesa, tukamlipa fundi atutengenezee tovuti. Ilikuwa nzuri, yenye picha zinazotembea. Hakuna aliyejua kubadili hata saa ya ibada. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina la fundi, mwaka ukaisha, hakulipia, ikazimika. Mahubiri ya miaka miwili yalipotea, na sisi hatukuwa na nakala. Kosa lilikuwa letu: tulinunua kitu tusichojua kukishika.

Kitu chenyewe si kigumu

Lugha ya kuandikia kurasa za mtandao inaitwa HTML. Ilitungwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva, Uswisi. Tovuti ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1991. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN iliitoa teknolojia hiyo kwa watu wote bila malipo. Kwa hiyo hatumwombi mtu ruhusa ya kuitumia.

Sisi wa Tshopo tunaweza kuielewa upesi kwa sababu ya lokole. Mmisionari Mbatisti John Carrington, aliyekaa Yakusu, chini kidogo ya Kisangani kwa mto, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 namna ngoma hiyo inavyosema. Haibebi sauti ya mtu. Inabeba alama tu, mlio wa juu na wa chini, na msikilizaji anayezijua alama hujenga maneno upya kichwani mwake. Ndiyo sababu ujumbe ulifika mbali ambako sauti ya mtu isingefika.

HTML inafanya vivyo hivyo. Haitumi sura ya ukurasa. Inatuma maneno pamoja na alama, na programu ya kufungulia mtandao katika simu, kama Chrome au Firefox, hujenga ukurasa upya. Alama moja hufungua, nyingine yenye mkwaju hufunga:

<h1>Barua ya parokia, 12 Machi</h1>
<p>Wapendwa, tunawaomba msitume ujumbe msioujua asili yake.</p>
<a href="barua-zote.html">Soma barua zote</a>

Mstari wa kwanza ni kichwa cha habari. Wa pili ni aya. Wa tatu ni mlango wa kwenda ukurasa mwingine. Ukiongeza alama ya picha na ya orodha, umeshika sehemu kubwa ya kile ambacho parokia inahitaji. Kijana aliyemaliza sekondari anajifunza hayo kwa Jumamosi mbili au tatu, kwa programu ndogo ya kuandikia iliyomo tayari katika kompyuta yoyote, hata ile ya zamani ya ofisi.

Faida tatu kwa watu wa mashariki

Kwanza, ni nyepesi. Ukurasa wa maneno matupu huwa na kilobaiti 10 hivi. Picha moja ya simu ya leo yaweza kufika megabaiti 3, yaani uzito wa kurasa kama 300 za namna hiyo. Mwamini anayenunua mega za franka 500 ataisoma barua yote.

Pili, haihitaji intaneti ili ifunguke, na wengi hawajui hili. Faili la HTML likiwa katika simu au kadi ya kumbukumbu linafunguka bila mtandao wowote. Barua ya kanisa yaweza kupita kwa Bluetooth toka simu hadi simu, au kusafiri katika flashi ndani ya mashua hadi Isangi na Basoko, au kwa pikipiki hadi Bafwasende. Mtandao ukikatwa siku 20 tena, neno letu halitakatwa.

Tatu, inahama. Mafaili yakiwa mikononi mwetu, mwenye nyumba akitufukuza leo, kesho tunayaweka kwingine chini ya jina letu lile lile. Jina la tovuti kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka, na zipo huduma zinazohifadhi kurasa nyepesi bure, kama GitHub Pages.

Mbona tusiandike yote?

Tuwe na hekima. Tovuti haizuii mtu kusema uongo juu yetu. Inampa tu yule mama mahali pa kulinganisha. Tena ukurasa wa wazi unasomwa na wote, hata wenye nia mbaya. Kwa hiyo tusiweke majina ya wakimbizi tunaowahifadhi, wala picha za watoto, wala njia anazopita mchungaji anayetembelea parokia za hatari. Tukumbuke pia kwamba tangu 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kanuni ya Kidijitali, na anayeandika anawajibika. Barua iwe na tarehe, na ijulikane nani ameitoa. Tukikosea, tusahihishe hadharani, tusifute kimyakimya.

Ninachoshauri parokia ni hiki. Chagueni watu watatu, si mmoja, na angalau mmoja awe mama au msichana, wajifunze pamoja. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la parokia, na neno la siri liandikwe kwenye karatasi, lifungwe katika bahasha, likae pamoja na daftari za ubatizo. Anzeni na kurasa tatu tu: sisi ni nani, saa za ibada, barua za kanisa. Nakala ya mafaili yote iwe katika flashi mbili, katika nyumba mbili tofauti.

Kisangani tunajua bei ya maandishi kupotea. Vita vya Siku Sita, kuanzia 5 hadi 10 Juni 2000, viliua watu wengi wa mji huu. Mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini mwetu. Ndipo familia nyingi zilipoanza kutafuta uthibitisho: daftari gani, barua gani, nani aliandika?

Yeremia sura ya 36 inatueleza juu ya mfalme Yehoyakimu, aliyekata gombo la nabii kipande kwa kipande na kulitupa motoni. Bwana hakumwambia Yeremia alie. Alimwambia achukue gombo jingine, na Baruku akaketi, akaandika tena yote yaliyokuwamo, na mengine zaidi. Iliwezekana kwa sababu palikuwa na mtu anayejua kuandika.

Parokia yako inaye Baruku? Kama hayupo, Jumamosi ijayo ni siku nzuri ya kumtafuta.

Bwana awalinde.