TAHARIRI: "NILIOGOPA" PEKE YAKE HAITOSHI



Mtu akisema, "Niliogopa, nikapiga risasi," je, sheria imwache aende zake? Swali hili lilizungumzwa sana Kenya kwa ajili ya shamba la Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Twalirudia kwa sababu waliokufa pale walikuwa watu wa kazi kama sisi.

Mwezi wa Aprili 2005, Samson ole Sisina, mtumishi wa Shirika la Wanyama Pori, alifika huko na wenzake kuchunguza biashara ya nyama ya porini. Hawakuvaa sare. Alipigwa risasi na Thomas Cholmondeley, kitukuu wa Lord Delamere yule aliyewaongoza walowezi. Cholmondeley alisema alidhani wageni wale ni majambazi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi, hata maneno hayo yasipimwe na Jaji. Wamaasai wakaandamana kwa uchungu.

Mei 2006, katika shamba lile lile, Robert Njoya, fundi wa mawe, akauawa kwa risasi. Safari hii kesi ilisikizwa. Mshtakiwa alisema alilenga mbwa wa watu aliowashuku kuwa wawindaji haramu. Mei 2009 Jaji hakuona nia ya kuua. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miezi 8, juu ya miaka 3 aliyokwisha kaa rumande. Cholmondeley alifariki mwaka 2016, nasi hatuandiki ili kumhukumu tena.

Wako wasemao kuwa mashamba yale yalisumbuliwa na wezi wenye silaha, na mwenye shamba naye ana haki ya kulinda uhai wake. Ni kweli. Fungu la 17 la Sheria ya Adhabu laruhusu kujitetea, likifuata kanuni za Uingereza: nguvu itumike ikiwa hapana budi, tena ilingane na hatari. Sheria hiyo twaikubali. Lakini hatari yenyewe ilijulikana kwa nini? Kwa silaha iliyoonekana, au kwa kuwa mtu mweusi alionekana mahali asipotarajiwa? Moyo wa mtu hauonekani. Ndiyo maana yafaa aulizwe mbele ya Jaji, mashahidi wakisikiliza, kesi isizimwe ofisini.

Hapo tumepata faida moja kubwa. Kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 157, Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Basi mwenzetu akiuawa kazini, tusikae kimya tukingoja habari. Twende mahakamani, tujaze viti, tuulize.

Neno la mwisho ni kwa wanachama wetu walinzi. Ninyi mwakesha langoni na rungu, na sheria hii yawalinda mkishambuliwa. Yawafunga vile vile. Kijana mwenye nguo chakavu, au Msomali anayepita usiku, hajawa mwizi kwa sura yake. Mwulizeni kwanza aendako. Tukidai wakubwa wasitupime kwa rangi, nasi tusimpime mwenzetu kwa kabila wala kwa umaskini wake.

Haki ya kujitetea ni ya kila mtu. Na yule aliyelala kaburini alikuwa nayo pia.