Maradhi Yasiyoua Yataka Dawa Isiyodhuru

Kuchakaa kwa viungo ni maradhi yasiyomwua mtu, bali humnyima usingizi, humzuia kurukuu na kusujudu kama alivyozoea, na humfanya mzee aliyekuwa akitembea mji mzima awe mfungwa wa kiti chake. Na kwa makisio ya mwaka 2020, watu milioni 595 ulimwenguni walikuwa nayo. Gegedu, lile tabaka laini lenye kufunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, na kwa hiyo likilika halirudi. Aghalabu matabibu hutuliza maumivu tu, mpaka ifike siku ya kutia kiungo cha bandia.

Ndiyo maana elimu ya kupeleka jeni ndani ya kiungo chenyewe yastahili kupokewa kwa furaha. Dawa ya kawaida ikidungwa gotini haikai, huondoka baada ya muda mfupi; lakini jeni ikiisha kupokewa na seli za kiungo, seli hizo huitengeneza dawa pale pale penye maumivu, pasipo haja ya kuisambaza mwili mzima. Mabingwa wa Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na Christopher Evans na Paul Robbins, walilijaribu jambo hili kwa binadamu mwaka 1996, katika vifundo vya vidole vya wagonjwa wa baridi yabisi. Baadaye Evans, akiwa Mayo Clinic, alitumia kirusi kisichodhuru kubeba hadi gotini jeni ya protini yenye kuzuia interlukini-1, ambayo ni miongoni mwa vichocheo vya uvimbe na vya kulika kwa gegedu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa protini hiyo ilidumu gotini kwa mwaka mzima. Walakini wagonjwa walikuwa 9 tu.

Wako wasemao kuwa wenye kuumwa wamesubiri vya kutosha, na kwamba masharti makali yawacheleweshea nafuu. Nawaheshimu, bali sikubaliani nao. Mgonjwa wa saratani iliyoshindikana ana haki ya kuikabili hatari kubwa, kwa kuwa hana muda. Mwenye goti bovu huenda ana miaka 20 au 30 mbele yake, na tena kidonge kikimdhuru hukiacha, ilhali jeni iliyokwisha kuingia katika seli zake hana namna ya kuitoa. Mfano ni Korea Kusini, iliyoidhinisha mwaka 2017 tiba ya jeni ya goti iitwayo Invossa. Mwaka 2019 ikadhihirika kuwa seli zilizobeba jeni, zilizodaiwa kuwa za gegedu, asili yake ilikuwa figo, idhini ikabatilishwa, na wakati huo wagonjwa zaidi ya 3,000 walikuwa wamekwisha kudungwa.

Basi wenye dhamana ya kuidhinisha dawa, popote walipo, wasiridhike na hati za mwenye kuuza, bali wazipime seli na virusi kwa vyombo vyao wenyewe, na wamlazimishe mwenye dawa kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi. Nawe msomaji mwenye maumivu, ukiahidiwa tiba hii kwa fedha, uliza kwanza ni kitu gani kitakachoingia gotini mwako, ni nani aliyekithibitisha, na ni nani atakayekuangalia baada ya miaka 10. Usipopata jibu lililo wazi, usidungwe.