Afrormosia inaisha: anayekata apande, anayepanda alindwe

Wandugu vijana wa Kisangani,

Mbao zinapita mbele yetu kila siku: mtoni ndani ya mabaleinieri, barabarani juu ya makamio, mjini juu ya matoleka. Moja ya zile za bei kali ni afrormosia, mbao ngumu ya kahawia isiyooza haraka. Huko Ulaya na Asia wanaitengenezea sakafu, madirisha na mashua. Sisi tunabakia na visiki.

Tuseme wazi: huu mti unaisha. Tangu mwaka 1992 uko kwenye orodha ya CITES, mapatano ya kimataifa juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mbao zake hazitakiwi kutoka inchini bila kibali maalum. Kongo ndiyo yenye kubakiwa na sehemu kubwa ya afrormosia ya dunia, na Tshopo ni moja ya makao yake. Kanuni inakataza kuukata kama unene haujafika sentimita 60, na kufika hapo unaweza kutumia zaidi ya miaka mia. Inawezekana kuna miti inayoanguka leo iliyoota mbele ya mji wetu kuanzishwa mwaka 1883. Msumeno wa mota unaumaliza kwa dakika chache tu.

Watu mingi wanasema: pori ni kubwa, itaota yenyewe. Hapana. Mtoto wa afrormosia anataka jua. Chini ya kivuli kizito anaota, anadhoofika, anakufa. Ukikata mama bila kupanda, umemaliza ukoo.

Na kupanda kunawezekana. Yangambi, kilomita karibu 100 kwa kushuka mto, watafiti wa INEAC, kituo kilichoundwa mwaka 1933 na ambacho leo ni INERA, waliupanda tangu wakati wa ukoloni. Kazi yenyewe si uchawi. Okota maganda yakiisha kukauka, toa mbegu na usikawie: mbegu mpya inaota vizuri kuliko ya zamani. Zitie ndani ya vifuko kwenye kitalu, ile tunaita pepinyeri, chini ya kivuli chepesi cha majani ya ngazi, na chunga viwavi wanaokula majani. Mvua ikianza, hamishia miche shambani, katikati ya mihogo na migomba. Juu iachie jua; pembeni iachie majirani, kwani ikisimama peke yake inapanua matawi chini na shina linapinda. Palilia miaka ya kwanza, na moto usiguse.

Sasa swali kubwa: nani atapanda mti ambao mjukuu wake ndiye atakula, kama kesho mtu atakuja na karatasi ya mukubwa na kuukata? Pale ndipo vita yetu ilipo. Dekre ya mwaka 2014 inaruhusu jamii za vijiji kupata msitu wao wenyewe, hadi hektari 50,000, bila kikomo cha miaka. Haki ambayo mtu haijui ni sawa na haki asiyo nayo.

Kwa hiyo tunadai:

1. Serikali ya jimbo ifungue pepinyeri katika kila komine: Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Vijana wafanye kazi humo kwa mushahara, siyo bule.

2. Mwenye kibali cha kukata aonyeshe alipopanda, mbele ya kupewa kibali kingine.

3. Masharti ambayo makampuni yanapaswa kutimizia vijiji kwa sheria ya misitu ya 2002 yabandikwe wazi: shule, zahanati, barabara, na tarehe ya kila kimoja.

4. Anayepanda apewe karatasi yenye kusema: huu mti ni wake.

Na sisi tusikae kungoja Leta. Kila kikundi cha kartie kitafute mbegu, kitafute kipande cha udongo, kianze msimu huu wa mvua. Hatutaketi chini ya kivuli cha hii miti ikiwa mikubwa, tunajua. Lakini tukinyamaza, watoto wetu watauliza afrormosia ilikuwa nini, na tutawaonyesha meza.

Anayekata apande. Anayepanda alindwe.