Mpangaji wa Mwezi na Mgeni wa Usiku

Tarehe 1 Juni 2024, Bungoma iliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka katika Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Siku kama hizo vitanda huwa haba, na mwenye nyumba hupiga hesabu. Tuseme nyumba ya chumba kimoja hukodishwa kwa Sh12,000 kwa mwezi. Ikitiwa kochi, runinga na intaneti, kisha ikatangazwa kwenye Airbnb kwa Sh2,500 kwa usiku, wageni wa siku tano tu wanampa zaidi ya mpangaji wa mwezi mzima.

Kutafuta riziki si kosa. Lakini kuna mtu anayehama ili kochi liingie.

Kitale na Bungoma, nyumba zenye maji na mita yake ya stima hugombewa na walimu, wauguzi na maafisa wa kaunti. Kibabii, kule Bungoma, ilipata hati ya chuo kikuu mwaka 2015, na wanafunzi wake nao wanasaka vyumba. Nairobi ikipoteza nyumba mia moja kwa wageni, zinabaki nyingine maelfu. Kitale ikipoteza mia, muuguzi aliyehamishiwa huko anateremka kwenye ploti ya bei nafuu zaidi, na aliyekuwa akiitegemea ploti hiyo anasukumwa hadi mitaa ya mabanda ya Tuwan au Kipsongo. Lami ya Kitale–Endebess–Suam imerahisisha safari hadi mpaka wa Uganda, kwa hiyo wageni watazidi kuja.

Serikali hukadiria upungufu wa nyumba nchini kuwa takriban milioni 2. Mishahara inakatwa asilimia 1.5 kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Haiingii akilini mfanyakazi akatwe ili nyumba zijengwe, huku zilizopo zikitoka sokoni bila hata kuhesabiwa.

Mauaji ya wanawake katika nyumba za kukodishwa kwa usiku jijini Nairobi, Januari 2024, yaliifanya serikali itake zisajiliwe. Hofu ilikuwa usalama, na ilikuwa halali. Suala la makazi likasahaulika. Barcelona ilichelewa kuchukua hatua hadi ikawa na leseni zaidi ya 10,000 za nyumba kama hizo, ndipo mwaka 2024 ikatangaza kuzifuta zote ifikapo 2028.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti mamlaka juu ya makazi na utalii wa mashinani. Mabunge ya kaunti za Trans Nzoia, iliko Kitale, na Bungoma yamwache mama wa Endebess apokee wapanda Mlima Elgon katika chumba cha nyumba yake, ila anayegeuza ploti nzima aombe kibali. Leseni ya biashara hulipwa kila mwaka. Fomu yake iulize kama nyumba hiyo ilikuwa na mpangaji, na kama alipewa notisi.