Tusilaumu barabara, tulaumu mzigo

Keria ya pikapu yangu iliwahi kupasuka maungio katika njia ya vumbi baina ya Kimana na mbuga ya Amboseli. Wenzangu waliilaumu barabara. Mimi najilaumu mwenyewe, kwani niliirundikia mitungi mitano ya maji. Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20. Hivyo nilipandisha kilo 100 juu ya kanopi iliyoundwa kukinga vumbi na mvua tu. Gari lililoelemewa juu huyumba kwenye kona, na likipinduka huangamiza roho.

Ndugu wasafiri, maji yakae sakafuni. Keria ibebe mahema na magodoro. Naye fundi aikaze kwenye bodi ya gari, si kwenye kanopi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.