Kazimia: Mwindaji anahitaji bunduki ngapi?

Huko Kazimia, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika katika teritware ya Fizi, mvuvi hatumii wavu mmoja kwa kila samaki. Wavu wa ndakala si wavu wa kuhe, na hakuna anayemlaumu. Mwindaji anaweza kuchukua mfano huo na kusema kwamba naye anastahili bunduki tatu: moja ya kanga na kwale, ya pili ya pongo na nguruwe pori, ya tatu ya nyati.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Chembe ndogo zinazoangusha kanga humjeruhi tu nguruwe pori. Atakimbia akafie mbali bila faida kwa mtu, au atamgeukia aliyempiga. Risasi ya nyati nayo ikimpata kwale, hakuna kitakachofika chunguni. Silaha na mnyama lazima vilingane.

Lakini kulingana huko hakudai nyumba iliyojaa bunduki. Bunduki moja ya kalibre 12 hubadilisha kazi kwa kubadilisha kartushi: chembe ndogo kwa ndege, chembe kubwa kwa pongo na nguruwe, risasi moja nzito kwa mnyama mkubwa. Inamlazimu mwindaji asogee karibu, maana chembe hupoteza nguvu upesi. Hiyo pia ni heri. Risasi ya bunduki kubwa ya masafa inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja, na nyuma ya kichaka kuna shamba la muhogo na mama anayelima. Wazee wa Kibembe waliwinda kwa nyavu na mbwa. Nguvu yao ilikuwa kujua nyayo na njia za wanyama.

Tena, bunduki kubwa itamtafuta mnyama gani? Gorila na sokwe mtu wanalindwa kabisa na sheria. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo ilipigwa marufuku tangu 1989. Hifadhi ya Itombwe, iliyoundwa mwaka 2006, inagusa Fizi pia, na gorila wanaoishi humo hawapatikani porini popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo.

Hata hivyo, jambo zito zaidi kwa Kazimia si nyama, ni usalama. Tangu uasi wa Simba wa 1964, kisha vita vya 1996 na 1998, Fizi imeona silaha nyingi kupita kiasi, na makundi yenye silaha hayajaisha. Wavu ukiibiwa, mvuvi analala njaa. Bunduki ikiibiwa, jirani anazikwa. Nyumba yenye bunduki tatu hujulikana haraka kijijini, na wanaoijia usiku hawatafuti kanga. Mwenye nyumba naye, akikutwa na bunduki hizo, atapata shida kumweleza askari kwamba yeye ni mwindaji tu.

Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inadai kibali kwa mwenye bunduki, na ile ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa ya kuwinda. Kila bunduki inayoongezwa huongeza karatasi na gharama. Asiyeweza kulipa hubaki na silaha ya kuficha, na silaha ya kuficha haina mwenyewe siku ikiua mtu.

Serkali nayo ina deni. Haifai kumdai mkulima kibali huku akilazimika kusafiri mbali kukitafuta, wakati nguruwe pori wanamaliza muhogo wake. Huduma hiyo isogezwe Fizi na Baraka, na mashefu wa vijiji wajue nani ana bunduki gani.

Bunduki moja, yenye karatasi, iliyofungiwa mahali salama na bila kartushi ndani, inamtosha mwindaji wa Kazimia. Ya pili na ya tatu zitamletea nyama kidogo na hatari nyingi, yeye na majirani zake.