Lugha Inunuliwayo Mara Mbili

Hoja moja imetawala mjadala wa lugha ya kufundishia katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi, nayo ni hii: kijana asomeshwe kwa Kiingereza, maana bila ya Kiingereza atafungiwa milango ya vyuo vya ng'ambo. Hoja hiyo husemwa na wazazi, hurudiwa na walimu, na husadikiwa na wanafunzi wenyewe. Aghalabu hupambwa kwa methali kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haifai kuidharau, kwa kuwa tamaa ya elimu ni tamaa njema, na safari ya kuitafuta elimu mbali na kwao ni desturi kongwe ya watu wa pwani na wa bara. Lakini hoja hupimwa kwa matunda yake, na hapana mahali pazuri pa kuipimia hii kuliko mlangoni penyewe, siku ambayo mwanafunzi wa chuo kikuu anapeleka maombi ya kwenda kusoma ng'ambo.

Na atazamwe mwanafunzi wa Tanzania. Katika shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili miaka saba. Alipofika kidato cha kwanza aliambiwa aiache lugha hiyo nje ya mlango wa darasa. Hesabu, fizikia, jiografia na historia alifundishwa kwa Kiingereza miaka minne. Akaongeza miwili ya kidato cha tano na cha sita. Kisha mitatu au zaidi ya chuo kikuu. Jumla si chini ya miaka tisa. Mitihani ya taifa ameifanya kwa Kiingereza, isipokuwa ile ya lugha nyingine. Tasnifu yake ameiandika kwa Kiingereza. Mwenziwe wa Kenya ameanza mapema zaidi, tangu darasa la nne. Walakini wote wawili, wakiisha kujaza majina yao, masomo yao na alama zao katika fomu ya maombi, hukutana na swali moja: je, mwombaji anajua Kiingereza? Na athibitishe.

Uthibitisho huo una bei. Mitihani inayokubaliwa na vyuo vingi ni TOEFL, iliyoanza mwaka 1964, na IELTS, iliyoanza mwaka 1989. Ada ya kila mmoja hupita dola 150 za Marekani. Mwaka 2022 mkopo wa chakula na malazi wa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania uliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi anayetaka kuthibitisha lugha aliyosomea miaka tisa hana budi kutoa thamani ya zaidi ya siku thelathini za kula na kulala. Tena matokeo ya mtihani huo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu. Shahada haichakai, cheti cha kidato cha nne hakichakai, lakini Kiingereza cha Mwafrika hudhaniwa kuoza kama samaki asiyetiwa chumvi.

Ziko nchi zisizodaiwa uthibitisho huo. Katika kanuni za viza za Uingereza ipo orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa. Jamaika imo, Trinidad imo, hata Malta, nchi ya visiwa yenye lugha yake ya Kimalta, imo. Kenya haimo. Uganda haimo. Tanzania haimo. Zote tatu zilitawaliwa na Waingereza, na zote tatu husomesha vyuo vikuu vyao kwa Kiingereza hata leo. Ni kweli kwamba baadhi ya vyuo vya ng'ambo hukubali barua ya chuo cha mwombaji badala ya mtihani. Lakini hiyo ni hisani ya mwenye nyumba, wala si haki ya mgeni. Leo hutolewa, kesho huweza kuondolewa.

Labda mtu atasema kwamba mtihani ni wa haki, kwa sababu wahitimu wengi wa Afrika Mashariki hawakijui Kiingereza kama inavyopasa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaoibomoa hoja ya kwanza. Mambo ni mawili tu. Ama mwombaji anakijua Kiingereza, na kwa hiyo kumtoza ada ili akithibitishe tena ni dhuluma. Ama hakijui, na kwa hiyo miaka tisa ya kufundishwa kwacho ilipotea, na pamoja nacho yalipotea maarifa aliyopaswa kuyapata kwa lugha anayoifahamu. Upande wowote utakaochaguliwa, ahadi ya kwamba Kiingereza cha darasani ni ufunguo wa ng'ambo haikutimizwa.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, waliipima hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa nacho cha kutosha kufuatia masomo yao. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, lakini madarasa ya sekondari yakabaki na Kiingereza. Mgonjwa amepimwa mara nyingi, dawa imeandikwa mara nyingi, na kila mara karatasi ya dawa imekunjwa ikatiwa mfukoni.

Sasa na atazamwe Mjapani. Amesoma kwa Kijapani tangu utoto mpaka chuo kikuu. Kwa Kijapani amejifunza kemia, na kwa Kijapani ameuliza maswali pale asipoelewa. Kiingereza amefundishwa kama somo. Anapotaka kwenda kusoma Uingereza huketi katika chumba kile kile cha mtihani, hulipa ada na hujibu maswali ya namna ile ile sawa na Mtanzania. Wawili hao wamefika kwenye mlango mmoja kwa njia mbili. Mmoja alifika na lugha yake mkononi. Mwingine aliambiwa aitupe njiani ili apokewe vizuri, na alipofika akapewa mapokezi yale yale. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hapa mbachao umeachwa, na msala wenyewe unauzwa mlangoni.

Historia ya safari za elimu inatoa ushahidi mwingine. Mwaka 1960 kilifunguliwa mjini Moscow chuo kikuu kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Vijana kutoka Afrika walikwenda huko bila ya neno moja la Kirusi. Walifundishwa lugha hiyo katika mafunzo ya matayarisho, kisha wakaingia katika udaktari na uhandisi, wakafuzu. Hata leo, ufadhili wa serikali ya Uchina na ule wa Uturuki huwapa wengi wa wanafunzi wageni mwaka wa kujifunza lugha kabla ya masomo yenyewe. Hakuna aliyewahi kudai kwamba watoto wa Tabora au Kisumu wasomeshwe kwa Kituruki tangu kidato cha kwanza ili mmoja wao apate nafasi Ankara. Mtu mwenye maarifa hujifunza lugha mpya kwa muda mfupi. Mtu aliyekaririshwa lugha bila ya maarifa hukosa vyote viwili. Tena waendao ng'ambo ni wachache sana, na wabakio ni wengi. Kuwasomesha wengi kwa namna isiyowafaa kwa ajili ya wachache wasionufaika nayo ni hasara juu ya hasara.

Yapo mambo matatu yanayopasa kutendwa. La kwanza, Kiingereza kifundishwe vyema kama somo, na walimu waliohitimu, na vitabu vya kutosha, ili anayekihitaji akipate kwa ukamilifu; na maarifa mengine yafundishwe kwa Kiswahili. La pili, maadamu vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinaendelea kufundisha kwa Kiingereza, visikubali shahada zao zitiliwe shaka kimya kimya. Vinalo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki; kwa sauti ya baraza hilo vidai kwamba cheti chao kitoshe, wala mwanafunzi mmoja mmoja asiachwe kubembeleza msamaha kwa barua. Mtafiti wa Ulaya anayekuja kuchunguza maisha ya vijiji vya Rufiji haulizwi cheti cha Kiswahili. Hutafuta mkalimani, akaanza kazi. Heshima anayopewa mgeni huyo inastahili kurudishwa.

La tatu linamhusu mwanafunzi mwenyewe. Aombe nafasi, aende, asome, wala asione haya kujifunza lugha yoyote ya ulimwengu. Julius Nyerere alisoma Edinburgh tangu mwaka 1949 mpaka 1952, na elimu ya huko haikumtenga na lugha yake. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata ile ya Mabepari wa Venisi. Huo ndio mfano wa msafiri aliyerudi na mzigo wenye faida kwa waliobaki nyumbani. Lakini taifa likiwafundisha watoto wake wote kwa lugha ya mlango wa jirani, na jirani akaendelea kuuliza kama wanajua kubisha hodi, kosa la jirani ni dogo. Kosa kubwa ni la mwenye watoto, aliyeisikia hodi hiyo ikikataliwa kizazi baada ya kizazi, na bado anafundisha hodi ile ile.